Shajara ya mradi wa Pemba: popo, bundi na maji mafu

Jumapili, Julai 6, 2025

Maneno ya "tutaenda, tutaenda" yamekwisha, mradi umeanza. Sharti tuliloliweka leo barazani ni kwamba tunataka kisiwa chenye msitu wa kweli, na viumbe ambao mtu akibaki bara hawaoni maishani mwake. Ufuo hatuutafuti. Aliyezaliwa Kibokoni hafungi safari kwenda kuangalia bahari.

Wasini ilitajwa kwanza kwa sababu iko mlangoni. Unashuka Shimoni, unawaona mbega msituni pale pale, kisha boti hadi Kisite kuogelea juu ya matumbawe na pengine kukutana na pomboo. Pazuri, lakini ni safari ya kutwa na sote tumeshaifanya. Unguja ilipata watetezi wawili kwa ajili ya kima punju wa msitu wa Jozani. Kusema kweli kima wale ni fahari: hesabu iliyotangazwa 2017 ilionyesha wamepita 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa. Tatizo langu na Jozani ni kwamba kima wake wamezoea kupigwa picha kuliko maharusi wa Mombasa. Mafia ina papa potwe kuanzia Oktoba hadi Machi, na popo wakubwa kule Chole, ila kutoka kwetu ni mbali, na mfuko wetu hauruhusu.

Imebaki Pemba, na nilikuwa nimeitia akilini tangu mwanzo. Unguja na bara vinatenganishwa na maji haba. Zama za barafu, bahari iliposhuka zaidi ya mita 100, Unguja ilikuwa sehemu ya bara na wanyama walipita kwa miguu. Ndiyo maana ilikuwa na chui wake na kima wake. Mkondo wa Pemba una kina kinachofika mita 800. Bahari ilishuka na kupanda, Pemba ikabaki kisiwa vile vile. Kilichofika kilifika kwa kuruka, kuelea au kuletwa na watu, na vilivyokaa peke yao muda mrefu vikageuka kuwa vya Pemba tu: popo mkubwa, bundi mdogo, ninga, chozi, na yule ndege mdogo wa kijani-manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Ndege wanne na popo mmoja wasiopatikana kwingine kokote duniani, na kisiwa chenyewe siku ya anga safi wavuvi wa Shimoni wanakijua kilipo bila dira.

Pendekezo limepita.

Jumamosi, Julai 19

Kikwazo cha kwanza si pesa, ni mamkubwa.

Nilimkuta jikoni akichambua mchele. Nikamweleza kwamba tunapanga kwenda Pemba, tutalala Konde, usiku tutaingia Msitu wa Ngezi kumsikiliza bundi. Akaacha ungo.

"Mwanangu, watu wakimsikia bundi juu ya paa hutia ubani wamfukuze. Nyinyi mwatoa nauli mwende kumtafuta?"

Nikamwambia huyu ni mdogo, hazidi kiganja kwa urefu, anakula wadudu. Hakuvutiwa. Akahama kwa popo. Alikuwepo duniani 1995 hofu ya Popobawa, yule pepo wa usiku, ilipotoka Pemba ikaenea hadi Dar es Salaam, watu wakilala nje kwa makundi wamewasha moto, na kwake neno popo na neno Pemba yakikaa katika sentensi moja basi hapana heri. Niliamua kutobishana juu ya Popobawa. Nilimwonyesha uani, chini ya mkungu wetu, kungu zilizotafunwa zikaachwa kokwa tupu. Kila asubuhi anazifagia yeye mwenyewe na kila asubuhi anawalaani popo kwa jina. Nikamwambia wa Pemba ni wale wale wala matunda, ila mabawa yakitandazwa yanafika mita 1.6.

"Basi wakija hapa watamaliza mkungu mzima," akasema, akarudi kwa mchele wake. Nimelihesabu hilo kuwa ruhusa.

Kwa faida ya wanakikundi, nimeandika haya ili tujue tunamwendea nani. Popo wa Pemba aliliwa sana. Nyama yake ilikuwa kitoweo, na bunduki zilipoongezeka na miti mikubwa ikapungua alikaribia kwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hali yake ilikuwa mbaya hata akaingizwa katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kilichomwokoa hakikuwa uzio. Vijiji vyenye makundi yake, Kidike kikiwa maarufu zaidi, viliunda vikundi vya kumlinda, vikapiga marufuku kuwinda kwenye miti anakolala, na wageni wakaanza kulipa ili kumtazama. Hesabu za baadaye zilipita 20,000. Kwa hiyo kiingilio cha Kidike tusikipigie bei kama tuko Marikiti.

Jumatano, Agosti 6

Siku ya kalenda. Hii ndiyo sehemu ya mradi niliyoifurahia kuliko zote, na nadhani ndiyo inayoamua kama safari ya namna hii itafaa au itakuwa hasara. Watu wengi wa hapa kwetu huanza na hoteli. Sisi tumeanza na upepo, mwezi na maji, halafu saa za wanyama, kisha ndiyo tutafute kitanda.

Dadangu ni mwalimu, na alitaka tuondoke Agosti hii hii shule zikiwa zimefungwa. Ami, aliyefanya kazi ya bahari tangu ujana wake, alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu kisha akanyoosha kidole dirishani. Mnazi wa jirani ulikuwa umelala upande. "Kusi hiyo, mwanangu. Kule mkondoni sasa hivi mtatapika hadi majina yenu."

Agosti ikafutwa. Oktoba upepo hutulia na watu wa boti huipenda, lakini Tanzania inapiga kura Oktoba 29, Bara na Visiwani. Sina la kusema kuhusu siasa za wenyewe. Ila Pemba uchaguzi huwa na joto, na Shimoni bado wako waliowapokea Wapemba waliokimbia kwa boti Januari 2001. Mtu mgeni mwenye darubini shingoni, akizungukazunguka usiku na tochi wiki ya kura, anajitafutia maswali. Novemba ni vuli, njia za Ngezi zinakuwa matope na popo hawatoki vizuri mvua ikinyesha. Machi hadi Mei masika, hata haijadiliwi. Katikati ya Februari Ramadhani inaingia, na kumwomba mwenyeji akupikie mchana ni kukosa haya.

Ikabaki Desemba na Januari: kaskazi imeshika, vuli imepita au iko mkiani, na kwa kuwa upepo unatoka kaskazini-mashariki, upande wa magharibi wa Pemba, ndiko kiliko kisiwa kidogo cha Misali, unakingwa na kisiwa chenyewe. Zaidi ya hapo ni msimu wa maembe. Popo wa matunda wakati wa maembe hatafutwi, anajileta.

Kisha Ami akauliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria: mwataka kwenda Misali maji gani?

Nitaeleza kwa walio bara. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tuna bamvua: maji hupanda juu sana na kukauka mbali, tofauti ikikaribia mita 4. Bamvua katika pwani hii maji hujaa karibu na alfajiri na tena alasiri, na hukauka saa nne au saa tano asubuhi, saa ile ile ambayo mtalii amefika na miwani yake ya kuogelea. Atatembea juu ya mwamba akikanyaga matumbawe, au atasubiri. Mwezi ukiwa nusu tuna maji mafu: hayapandi sana, hayashuki sana, mkondo ni mpole, na yanajaa kati ya saa nne na adhuhuri. Boti inafika ufukweni, unaogelea bila kusombwa, na maji hayachafuki kwa mchanga.

Mwezi nusu una faida ya pili. Tarehe saba au nane ya mwezi wa Kiislamu, jua likizama mwezi uko katikati ya mbingu, na unatua karibu na usiku wa manane. Yaani saa za kumsikiliza bundi unaona unapoweka mguu bila kuwasha tochi kila hatua.

Ami akahesabu kwa vifundo vya vidole. Shaaban saba inaangukia mwisho wa Januari. Dada akasema shule zimefunguliwa. Ami akarudi nyuma mwezi mmoja: Rajabu saba, mwezi ukiandama kwa wakati wake, ni Desemba 27. Shule zimefungwa. Dada hakusema kitu, alikwenda kumletea kikombe cha pili cha kahawa na kashata mbili.

Tarehe: Desemba 26 hadi siku za mwanzo za Januari.

Jumapili, Agosti 24

Zoezi. Tulikwenda Arabuko-Sokoke kupima kama kundi hili linaweza kunyamaza. Jibu fupi: bado.

Tulichagua Arabuko kwa sababu ina bundi wake mdogo, binamu wa yule wa Pemba, asiyejulikana na sayansi mpaka miaka ya 1960. Anaishi kwenye vichaka vizito vya udongo mwekundu. Usiku humo wako ndovu, kwa hiyo hakuna mtu anayejizurulia. Mwongozaji alitupeleka mchana kuwatafuta walikolala.

Alitembea mbele yetu akichungulia vichaka kwa kuinama, kama mtu aliyepoteza pete. Akasimama. Akatuita kwa kidole mmoja mmoja. Mimi niliona majani makavu tu, kisha majani mawili yakawa na masikio. Walikuwa wawili wamebanana kwenye kijiti, chini ya urefu wa kifua changu, mmoja kijivu, mwingine rangi ya kutu. Yule wa kijivu alifungua jicho upana wa uzi, akatutazama, akalifunga. Dada alishika mkono wangu hadi kucha zikaingia.

Hapo ndipo simu ya binamu ilipoadhini Laasiri, sauti ya juu kabisa.

Bundi hawakuruka. Mwongozaji alisubiri adhana iishe, akasema tu "Tusogee." Jioni tulikaa pembezoni mwa msitu kusikiliza, na binamu akauliza kwa nini tusicheze sauti ya bundi kwenye spika ili waje karibu. Mwongozaji alikataa na maelezo yake yalinitosha: ndege akisikia sauti hiyo anadhani mgeni amevamia eneo lake, anaacha kuwinda anakuja kugombana na mtu asiyekuwepo. Likifanywa na kila kundi, kila usiku, anahama au anadhoofika. Nimeliandika kuwa sharti la Pemba pia. Tukimsikia, alhamdulillahi, tusipomsikia, tutarudi kulala.

Mengine yaliyotokana na zoezi: jaketi za nailoni zinapiga kelele kuliko wenye kuzivaa, kwa hiyo ni pamba tupu. Tochi zifungwe karatasi nyekundu ya kupambia zawadi, inapatikana duka lolote la vitabu Mombasa, na zielekezwe chini. Manukato, hapana, hata udi wa nguo. Na simu zinabaki chumbani, isipokuwa ya mwongozaji.

Idadi imeshushwa kutoka kumi hadi sita. Walioachwa wamenuna kidogo, lakini watu kumi hawamsikilizi bundi, wanasikilizana wenyewe.

Ijumaa, Septemba 12

Njia na karatasi. Nitapita haraka.

Tutatoka Mombasa alfajiri kwa njia ya Dongo Kundu ili tusikae foleni ya Likoni, hadi Lunga Lunga na Horohoro, kisha Tanga, tulale. Asubuhi yake meli ya Tanga–Pemba. Haiendi kila siku, kwa hiyo ratiba nzima inajipanga kuifuata yenyewe.

Kila mtu ahakikishe pasipoti haijakaribia kwisha. Kadi ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya, na chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Msije mkaikimbilia mkesha wa safari. Aliyechanjwa zamani hana haja ya kurudia, tangu 2016 kadi ni ya maisha. Mifuko ya plastiki ibaki nyumbani. Tanzania iliipiga marufuku Juni 2019, nasi tumeshazoea tangu 2017. Fedha tutabadilisha benki Tanga, si kwa vijana wa mpakani, hata wakikuita "ndugu" mara ngapi.

Jamaa mmoja wa kikundi alileta habari kwamba kuna boti za kuvuka moja kwa moja kutoka pwani yetu ya kusini hadi Pemba, usiku, nusu ya bei. Nilimjibu kwa jina moja: MV Spice Islander. Ilizama Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba ikiwa imejaa kupita kiasi, na katika mitaa yetu ziko nyumba ambazo zilisoma khitma bila maiti. Hatupandi chombo kisichoandikisha abiria, na hata hicho kinachoandikisha, tukikiona kimelemewa tutabaki Tanga tule mishkaki. Mjadala huo nimeufunga mimi, na kama kuna wa kunilaumu anilaumu.

Jambo la furaha: shemeji yetu wa Kilifi, wa katika Wapemba waliotambuliwa kuwa raia wa Kenya 2023, anakuja nasi akiwa na kitambulisho na pasipoti yake ya kwanza. Babu yake alitoka Wete na mashua. Yeye ataingia kwa mhuri.

Jumapili, Septemba 28

Malazi yamepatikana Konde, nyumba ya wageni ya kawaida, feni na chandarua. Wapo waliotaka Chake Chake kwa sababu ya maduka. Lakini Ngezi iko kaskazini-magharibi kabisa, na ukilala Chake utakuwa unarudi gizani kila usiku, au, ndivyo itakavyokuwa, utaacha kwenda. Ukilala Konde msitu uko mwendo mfupi wa pikipiki. Amana imetumwa, mwenyeji amethibitisha kwa sauti, sauti yenyewe ya kipole kile cha Kipemba ambacho huwezi kujua kama umekubaliwa au umeombewa dua.

Ngezi si msitu mkubwa, hekta 1,440 hivi, mabaki ya uliofunika kisiwa kabla ya karafuu kuchukua vilima. Ndani yake mna mivule, na mna mpapindi, mnazi-pori mwembamba wa Pemba tu ambao nimewaagiza wote wajifunze kuutambua kwa picha, kwa sababu najua watu watatazama juu wakitafuta kima na kuupita. Kima punju wapo pia: kundi dogo lililetwa kutoka Unguja miaka ya 1970 likaachiliwa humo. Wako wachache, hawajazoea watu, na kwangu kima aliyekimbia ana thamani kuliko aliyekupa pozi. Paa wadogo na komba ni bahati ya macho.

Ratiba tuliyoandika inafuata saa za viumbe. Asubuhi ya kwanza hakuna kitu, watu walale, meli imewachosha. Alasiri Ngezi kwa miguu na mwongozaji wa hifadhi, tukitokea Vumawimbi kwa wanaotaka kuoga. Usiku wa pili na wa tatu ni bundi, baada ya Isha, watu watatu watatu. Matembezi ya usiku yanaombwa mapema kwa watu wa misitu, nalo limeombwa. Misali maji yakiwa bado mafu, boti ing'oe nanga saa mbili asubuhi ili maji yakijaa tuwe tumeshafika. Pale ni hifadhi tangu 1998, kasa wanapanda kutaga, na wavuvi wa Pemba wana heshima yao na kisiwa kile, wakisema mja mwema alisali pale na kisiwa kikawa mswala wake. Tutavaa kwa stara tukiwa nchi kavu. Matumbawe hayashikwi, makombe hayabebwi.

Kidike tumeipa jioni mbili nzima, na hapo kulikuwa na ubishi. Binamu anaona moja inatosha: umewaona wananing'inia, umepiga picha, basi. Mimi nasema mchana wakiwa wamejifunika mabawa ni nusu ya jambo. Wanaanza kujinyoosha jua likipunguza ukali, wanagombania matawi kwa kelele, halafu magharibi wanatoka, wa kwanza mmoja mmoja, kisha mbingu yote. Jioni ya kwanza mtu anapiga picha. Ya pili ndiyo anatazama. Tumepiga kura, nimeshinda kwa kura moja, ya Ami, ambaye hata haendi.

Yaliyofutwa: kuendesha pikipiki za mchanga, chakula cha jioni hotelini, na Unguja "kupitia kidogo". Magofu ya Ras Mkumbuu yamebaki kama akiba, siku bahari ikikataa.

Bado tiketi za meli, kwani mwisho wa mwaka watu huwa wengi na hatutaki kusikia "zimekwisha" tukiwa tumeshafika Tanga. Dada amepewa kazi hiyo pamoja na fedha zote za chama, maana ndiye pekee ambaye hajawahi kuzikopa. Mamkubwa ameleta oda yake: karafuu kilo mbili, zilizoanikwa vizuri, zisiwe za juzi.